Televisheni Iliyomponya Mama

Fundi alipoingia sebuleni kwa dada yake Jumapili ile na kukuta picha ya televisheni imerudishwa tena kwenye mpangilio wa Mng'ao, alitamani kuitupa rimoti dirishani, na shemeji yake aifuate. Jamani, mtu anaweza kuvumilia mangapi? Wiki iliyopita tu alikuwa ameiweka sawa televisheni ile, akapoteza mchana mzima na kile kidude chake cha kupimia rangi kikining'inia mbele ya kioo, akaondoka roho imetulia. Sasa nyasi za uwanja wa mpira zilikuwa za kijani mpaka zinaumiza macho, na refa alikuwa na mashavu mekundu utadhani ametoka kuposwa.

"Nani ameigusa?" akauliza mlangoni.

"Marahaba," akajibu shemeji, ambaye hakuwa ameamkiwa.

"Shikamoo shemeji. Nani ameigusa?"

"Mimi." Shemeji hakugeuza hata shingo. Alikuwa dereva wa lori, wiki nzima yuko barabarani, na Jumapili yake aliigawa kati ya kochi na mpira. "Ulituwekea picha ya msiba, bwana. Wachezaji wote walionekana wamechoka."

"Walikuwa wamechoka! Ilikuwa dakika ya themanini!"

"Mimi mwenyewe nimechoka. Sitaki kukaa kwangu kuangalia watu wengine waliochoka."

Ungewasikia ungesema ni ugomvi wa kipuuzi, wanaume wazima kutoana roho kwa ajili ya rangi ya nyasi. Na ingekuwa mpira tu, fundi angewaachia Mng'ao wao wakae nao mpaka macho yawatoke. Kazi yake ilikuwa kufunga televisheni na vyumba vya sinema majumbani mwa watu, na alishazoea kuwarekebishia picha wateja kisha akageuza mgongo tu wakaiharibu. Lakini televisheni hii haikununuliwa kwa ajili ya mpira. Ilinunuliwa kwa ajili ya mama.

Mama yao aliishi peke yake, mbali, mwendo wa karibu nusu siku kwa gari. Mwaka uliopita mrija wa nyongo ulimziba kwa vijiwe. Akageuka manjano kuanzia macho hadi viganja, na muda wote huo akawa anajifunika mtandio na kusema ni uchovu tu, uchovu tu, mpaka walipokwenda kumsalimia wakamkuta hawezi kunyanyuka kitandani. Aliponea chupuchupu. Daktari aliyempasua aliwaita pembeni wale ndugu wawili akawaambia bila kuwapaka mafuta: vijiwe vinaweza kurudi, na vikirudi, umanjano ndio utakaowaambia. Wakiwahi siku hiyo hiyo, ni jambo dogo. Wakichelewa, wasije wakamlaumu mtu. "Msimsikilize anachosema," daktari alisema. "Mwangalieni macho."

Na kweli, kumsikiliza mama kulikuwa ni kupoteza muda. Huyu ni mama ambaye nyumba ingeshika moto angekuambia kuna moshi kidogo. Hospitali aliichukia, lakini kilichomuuma zaidi ni kwamba binti yake alifunga saluni msimu mzima wa harusi akawa analala sakafuni wodini, chini ya kitanda chake. Alipotoka aliapa kwamba hatamtesa tena mtoto kiasi kile. Kiapo hicho ndicho kilichokuwa kinawanyima wanawe usingizi.

Basi dada akanunua televisheni kubwa kuliko zote dukani, fundi akaifunga ukutani, na kila Jumapili mama akawa anapigiwa simu ya video, uso wake unajaa ukuta mzima, wanamwangalia macho. Fundi alikwenda mwenyewe hadi kwa mama akazima kwenye simu yake yale mambo ya kurembesha sura. Picha iliyokuwa inatoka kwa mama ilikuwa safi. Ilikuwa inaharibiwa huku, ikishafika, na watu wa nyumba hii, kwa makusudi, na rimoti.

Maana Mng'ao una kazi moja tu duniani, nayo ni kumteka mnunuzi dukani, kwenye ukuta uliojaa televisheni zinazopiga kelele. Unazidisha bluu ili nyeupe ing'ae kuliko nyeupe yenyewe. Unakoleza rangi, unanoa kingo, unalainisha mwendo. Ukikutana na uso wa mtu ndiyo usiseme: unafuta madoa, unasawazisha ngozi, unairudishia damu. Mtu anaponywa palepale, bila dawa.

Dada akatoka jikoni anafuta mikono. Alikuwa mpambaji wa maharusi, na sanduku lake la vipodozi lilikuwa wazi mezani, brashi zimeoshwa zimepangwa kwenye taulo.

"Umeanza," akasema.

"Dada, hii picha inadanganya."

"Na mimi je? Kazi yangu ni hiyo hiyo. Sijaona bibi harusi hata mmoja aliyerudi kudai uso wake wa asili."

"Mama si bibi harusi!"

"Mama Jumapili iliyopita alikuwa anapendeza. Wewe ulikuwa umeshaondoka, na Mng'ao umesharudishwa. Mashavu yamejaa, uso unameremeta. Alipokata simu nililala kama mtoto."

"Si ndiyo hiyo nasema! Kwenye hiki kioo hata marehemu angependeza!"

"Koma!" Dada akamwelekezea kidole. "Mama na marehemu usiwaweke kwenye sentensi moja humu ndani. Koma kabisa."

Damu ilimchemka fundi. Kinachochosha katika kazi yake ni kwamba huwezi kumwonyesha mtu uongo wa picha kwa kutumia picha. Ukiweka ya kweli pembeni, ya uongo ndiyo inayomvutia, na anakuona wewe ndiye mshamba. Alishabishana na mawakili, na mameneja wa benki, wote wanamjibu maneno yale yale: lakini hii inang'aa. Ndiyo inang'aa, ndugu yangu, hata bati linang'aa!

Macho yake yakaangukia kopo dogo ndani ya sanduku la dada. Unga wa manjano, ule anaowasugulia maharusi ngozi ipate kung'ara. Akalichukua.

"Shemeji, njoo jikoni mara moja."

"Mpira ukienda mapumziko."

"Umeshakwenda mapumziko, hayo ni matangazo. Njoo."

Shemeji akainuka kwa kuburuta miguu, hana habari. Fundi akamkalisha kwenye stuli karibu na dirisha, akaukoroga ule unga kwa maji kidogo kwenye kikombe, na kabla mtu wa watu hajauliza kuna nini akampaka. Paji la uso, mashavu, pua, shingo, na mwingine akamgusishia pembeni mwa macho.

"Wewe! Una wazimu?"

"Tulia. Ni kwa ajili ya mama mkwe wako."

Hapo shemeji akatulia. Alimpenda mama mkwe wake, tena mno, ingawa kusema hasemi. Fundi akachukua simu yake akapiga ya video kwenye televisheni ya sebuleni, akamwelekezea shemeji. Pale jikoni, kwa macho makavu, mwanaume alikuwa ameiva kama ndizi. Hakukuwa na ubishi.

"Dada! Unamwona mumeo?"

"Namwona," sauti ikaja kutoka sebuleni. "Ana nini? Kanyoa? Anaonekana amepumzika."

"Mwangalie vizuri. Hana tatizo lolote?"

"Tatizo lake ni uvivu. Uso uko safi kabisa, tena leo kapendeza. Kwani vipi?"

Fundi akamshika shemeji mkono, akamwinua, akamwongoza hadi sebuleni huku simu bado inawaka. Dada akageuka na tabasamu lake. Yowe alilopiga lilisikika mpaka kwa jirani. Akamtazama mume, akaitazama televisheni, akamtazama mume tena, na kicheko kilichokuwa kimeanza kumpanda kikakauka njiani. Akakaa kwenye mkono wa kochi.

"Jumapili zote hizi," akasema mwishowe.

"Zote."

"Kwa hiyo mama anaweza kuwa..."

"Anaweza kuwa mzima kabisa. Hatujui, dada. Ndicho ninacholia nacho tangu mwanzo. Hatujui."

"Weka hiyo ya kwako," dada akasema. "Weka haraka, saa yake ya kupigiwa inafika."

"Haya manjano yanatoka?" shemeji akauliza.

"Yanatoka," dada akamjibu bila kumwangalia. "Baada ya siku mbili tatu."

"Kesho nina safari!"

Shemeji akaenda bafuni peke yake, na wakasikia maji yanafunguliwa kwa hasira.

Fundi akaiweka picha kwenye mpangilio wa Sinema, akazima kimoja kimoja vile virembesho vyote, akaning'iniza kidude chake mbele ya kioo akapima. Ilikaa sawasawa. Sebule ikawa kama imepoa. Dada akakunja uso, na fundi, ambaye aliujua mkunjo ule kwa wateja wake wote, akawahi kusema maneno anayowaambia wote.

"Usishtuke. Macho yenu yamelewa bluu. Mwanzoni utaona kila kitu kina umanjano fulani. Siyo picha, ni macho. Yape siku chache yatazoea."

Alisema kwa nia njema kabisa. Laiti angejua, angeufunga mdomo wake kwa gundi.

Mama akapokea. Alikuwa amekaa kiti chake cha siku zote karibu na dirisha, simu ameiegemeza kwenye kopo la sukari, mtandio kichwani. Na alikuwa wa manjano.

Fundi akasogea. Siyo manjano ya kukoroga kwenye kikombe kama ya shemeji, hapana. Yalikuwa yamejificha ndani ya ngozi, puani, kwenye midomo, na pale ambapo jicho linapaswa kuwa jeupe, palikuwa na rangi ya chai iliyomwagikia kitambaa ikafuliwa isitoke yote.

"Shikamoo mama," wakasema kwa pamoja.

"Marahaba wanangu. Mbona mmekodoa macho hivyo? Nina pembe?"

"Unajisikiaje mama?" dada akauliza.

"Mzima kabisa. Leo nimefua mpaka mapazia."

"Unakula?"

"Nakula mpaka najionea aibu."

Dada akainama kama anayeokota kitu chini, akamnong'oneza mdogo wake kwa meno yaliyobana. "Ni huo umanjano wako."

"Siyo wangu."

"Umesema mwenyewe kila kitu kitakuwa cha manjano. Hujasema?"

"Nimesema kidogo! Kidogo tu!"

"Sasa kidogo ni kiasi gani? Mimi nitajuaje kidogo chako kinaishia wapi?"

Shemeji akatoka bafuni taulo shingoni, masikio bado ya manjano, akasimama mbali asionwe na mama mkwe. "Hata mimi naona," akanong'ona. "Ukuta wa mama nao una umanjano. Shemeji, huenda na hii yako inatia chumvi kivyake."

Kutia chumvi! Fundi alitaka kulia. Alikuwa na kidude cha kumwonyesha kila mtu kwamba kioo kile hakidanganyi hata chembe. Lakini kidude hakikuweza kupima dirisha la mama, wala ukuta wa mama, wala simu ya mama iliyokaa mfukoni na funguo mwaka mzima. Na maneno aliyowapa mwenyewe ndiyo waliyokuwa wanamchapia nayo. Kibaya zaidi, ndani ya moyo wake kuna upande uliokuwa unaomba dada awe sahihi. Iwe ni picha tu, iwe yeye ndiye mjinga, wamcheke mpaka mwakani.

"Mnanong'ona nini nyie?" mama akauliza. "Mnanisengenya mbele yangu?"

"Mama," fundi akasema, "naomba ulete sahani nyeupe."

"Sahani? Mmekuja kula?"

Hapa ndipo alipojimaliza. Angesema tu lete sahani, akanyamaza, kila kitu kingekwenda njia nyingine. Lakini mafundi wana ugonjwa wao. Fundi hawezi kuomba bisibisi bila kukueleza inazungukaje.

"Unajua mama, hapa tunabishana. Wewe unaonekana una umanjano. Dada anasema ni televisheni. Sasa ukiiweka sahani nyeupe karibu na uso wako, tutaona. Kama ni televisheni au ni mwanga wa hapo, sahani nayo itaonekana ya manjano, kwa sababu inavipaka vyote sawa."

Mama alisikiliza kwa makini ya ajabu, kichwa amekiinamisha upande.

"Kwa hiyo sahani ikiwa ya manjano, mimi ni mzima."

"Ndiyo mama."

"Na ikionekana nyeupe?"

"Ikionekana nyeupe, basi tunakuja kukuchukua leo leo."

"Kunipeleka kule."

"Ndiyo, mama. Kule."

Mama akamtazama binti yake, kisha mwanawe, kisha binti yake tena. "Haya," akasema. "Ngoja nikaitafute."

Kiti kikabaki kitupu kwenye ukuta wa sebule. Wakasikia mlango wa kabati ukifunguliwa, vyombo vikigongana, kimya, vyombo tena. Dada alikuwa anang'ata ncha ya khanga yake. Fundi alikiangalia kile kiti kitupu, akaona kwamba hata kitambaa cha kiti kinaweza kubishaniwa, alimradi mtu anataka kubisha.

"Hiyo sahani inatafutwa kama pasipoti," shemeji akasema.

Mama akarudi. Akakaa vizuri, akajiweka sawa mtandio, akainua sahani akaigandamiza shavuni kama msichana anayepigwa picha na zawadi yake. Akatabasamu.

Sahani ilikuwa ya manjano. Siyo sana, lakini ya manjano bila shaka yoyote, umanjano ule ule wa shavu lililokuwa pembeni yake.

Dada aliangua kicheko. Alicheka akapiga makofi, akajitupa nyuma kwenye kochi, akainuka, akacheka upya. "Mama wee! Mama yangu! Huyu mwanao nusura atuue kwa presha!"

"Mwacheni mwanangu," mama akasema, naye anacheka. "Televisheni zimemwingia kichwani."

"Kampaka mume wangu manjano uso mzima! Baba, hebu pita mbele mama akuone!"

Shemeji akapita mbele ya simu kwa heshima zote, mikono nyuma, na mama akacheka mpaka akashika mbavu. Wote wakacheka. Fundi naye alicheka kidogo, maana hata yeye alikuwa amepumua. Lakini aibu nayo ilimpanda mpaka masikioni. Mtu mzima, anaitwa kwenye majumba ya watu wenye hela zao akawafundishe nyeupe ni nini, halafu anashindwa na sahani mbele ya ukoo.

"Nimekosea," akasema. "Nisameheni. Mama nisamehe, nimekutisha bure."

"Hujanitisha baba. Lakini usiwe unaharibu televisheni za watu."

"Umesikia?" Dada akamnyang'anya rimoti, akabonyeza, na Mng'ao ukarudi. Mashavu ya mama yakajaa damu, macho yakawa meupe, sahani ikang'aa. "Huyo sasa ndiye mama yangu," dada akasema kwa sauti kubwa.

Wakaongea mengine, ya jirani na ya bei ya mkaa, mpaka mama akasema amechoka kukaa. Wakaagana.

Fundi hakutaka hata maji ya kunywa. Alikifunga kidude chake, akatoka nje kwenye gari lake la kazi, akalifungua nyuma akaanza kusukuma ngazi na nyaya kwa fujo, kila kitu kinamkera. Kichwani alikuwa anairudia hesabu. Mwanga wa dirisha la mama, mapazia yamefuliwa, ukuta, simu. Sahani nyeupe imeonekana ya manjano, kwa hiyo umanjano unatoka nje ya mama. Hesabu ilikaa sawa. Mbona basi alikuwa anataka kupiga kitu ngumi?

Akasikia viatu nyuma yake. Dada alikuwa amebadilisha nguo. Ana mkoba mkubwa begani, na blanketi amelikumbatia.

"Umekuja kunicheka tena?"

"Zile sahani nilimnunulia mimi," dada akasema.

"Sahani zipi?"

"Aliyoiinua. Nilimnunulia mwaka juzi. Siyo nyeupe. Hazijawahi kuwa nyeupe. Ni za rangi ya maziwa ya mgando, nilizichagua mwenyewe kwa sababu zile nyeupe zake zilikuwa zinaonyesha kila mkwaruzo. Nyeupe ziko kabati lile lile, rafu ya juu. Si ulisikia alivyochelewa? Alikuwa anachagua."

Fundi akashusha ngazi chini. Tangu mwaka juzi amekula kwenye sahani zile, akasifu mchuzi, akaomba nyongeza. Anapima weupe kwa kidude kwa ajili ya riziki yake, na hajawahi hata siku moja kuiangalia sahani aliyowekewa chakula.

"Ulijua saa ngapi?"

"Alipoiinua tu."

"Alipoiinua?" Sauti ikampanda. "Dada! Ulikuwa unagaragara kwenye kochi! Umepiga makofi! Umeniacha naomba msamaha mbele ya mumeo kama mtoto aliyevunja glasi, umeurudisha ule Mng'ao mwenyewe kwa mkono wako, na kumbe unajua? Mbona ulicheka?"

"Alikuwa ananiangalia."

"Nani?"

"Mama. Wewe ulikuwa unaangalia sahani, mdogo wangu, wote mlikuwa mnaangalia sahani. Mama hakuwa na habari na sahani. Alikuwa ananiangalia mimi, aone kama nimeamini." Akalikumbatia blanketi zaidi. "Ningesema tunakuja, tungemkuta? Angejifungia ndani. Au angekwenda kujificha kwa rafiki zake, tungekuwa tunazunguka kijiji kizima tunauliza milangoni, na yeye anazidi kuwa manjano huko aliko. Unamjua."

Alimjua. Fundi akaegemea gari. Hasira yote ya mchana ule, ya nyasi na refa na Mng'ao, ilikuwa bado iko pale kifuani, imejaa tele, na hakuwa na mtu hata mmoja wa kumpelekea.

"Nimpigie?"

"Thubutu! Simu hiyo naitupa. Toa hivyo vikorokoro vyako nyuma, uache nafasi. Atahitaji kulala njiani." Akamsukumia blanketi. "Bibi harusi wa kesho nimeshamwambia atafute mtu mwingine. Mume wangu anaongea na tajiri wake, atatufuata. Mafuta yapo?"

"Yapo."

Wakaisogeza ngazi kando, wakashusha roli za nyaya na sanduku la misumari, wakavipanga ukutani kwa dada. Wakatandika blanketi. Kupitia dirisha la sebule televisheni ilikuwa inametameta rangi zake, mpira umerudi, hakuna anayeuangalia. Dada akapanda mbele, akafunga mkanda, akashusha kile kioo kidogo cha juu ya kiti kujitazama. Wanja ulikuwa umemchirizika mpaka kidevuni. Mpambaji wa maharusi, na hakuufuta.

"Niambie ukweli," akasema. "Nilicheka vizuri? Aliamini?"

Fundi alikuwa ameshika funguo, hajawasha gari.

"Ulicheka vizuri sana, dada," akasema. "Hata mimi niliamini."

"Basi twende," dada akasema. "Endesha."